Usifurahie Udongo Laini

Mimi ni Mbambu. Hapa Kansanga, mtaa wa Kampala, wananiita Mama Victoire, kwa jina la binti yangu. Nauza chakula mbele ya nyumba tunayopanga. Napika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kama tunavyopika kwetu Kongo. Wateja wangu ni mafundi, wanafunzi na watu wa bodaboda. Wanasema sombe yangu ni tamu. Sikatai. Wanasema mdomo wangu ni mkali. Hilo nalo sikatai.

Mume wangu anaitwa Mugisho. Kazi yake ni kuchimba mitaro. Anachimba ya mabomba, ya misingi ya nyumba na ya maji ya mvua. Anafanya kazi pamoja na mdogo wake, Guerschom. Mugisho akiinua mtaimbo wake, ile nondo nene yenye ncha, hata ardhi ngumu hukubali. Huo si uongo wa mke. Muulize yeyote hapa.

Lakini jamani, mchimba mitaro ya maji nyumbani kwake hakuna maji! Tulikuwa tukiteremka bondeni kuchota kwenye chemchemi. Mvua ikinyesha, uchafu wa vyoo vya juu unaingia humo humo. Mwezi mmoja Victoire alishikwa na homa ya matumbo. Alilala mkekani, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Nilimpa dawa na maji yaliyochemshwa, kijiko kwa kijiko. Alipopona, niliwaambia wapangaji wote: "Lazima maji yaingie katika ua huu. Mimi sikuzaa mtoto ili nije nimpe kinyesi cha watu."

Mwenye nyumba wetu ni Nelima, mama mmoja mnene anayecheka kwa sauti. Alikubali upesi.

"Bomba nitanunua mimi," alisema. "Mtaro chimbeni nyinyi. Watu wa maji watakuja Jumatatu kuunganisha. Wakikuta mtaro haujachimbwa, watakwenda kwa wengine, na sisi tutangoja sana."

"Mtaro?" Mugisho alicheka. "Mama, hiyo ni kazi ya Jumamosi moja."

Basi Jumamosi ikafika. Mtaro ulitakiwa kuanzia barabara kubwa, kupita kando ya hosteli ya ghorofa ya wanafunzi, hadi kwenye ua wetu. Mugisho alitembea na mtaimbo wake akijaribu ardhi. Katikati ya njia aliupiga, ukaruka. Pale ardhi ni nyekundu, ngumu, imejaa kokoto. Akasogea hadi karibu na ukuta wa hosteli. Akapiga tena. Mtaimbo ukazama kama kijiko ndani ya uji.

"Guerschom! Njoo uone!" aliita. "Huku udongo ni laini. Leo Mungu yuko upande wetu."

Ndivyo wachimbaji wa hapa wanavyochagua njia. Wanatafuta mahali ambapo mtaimbo hauumizi mkono. Kila mchimbaji anafurahia udongo laini. Mimi mwenyewe nilifurahi. Nilimpigia makofi.

Wakaanza. Wapangaji wote walitoka kuangalia. Wengine walibeba udongo kwa karai. Nikarudi jikoni kwangu, maana wateja hawangoji mtaro.

Kabla ya saa sita Guerschom alikuja akikimbia. Mkononi alikuwa na kipande kirefu cha plastiki nyekundu, kimejaa udongo.

"Shemeji, nimekuletea kamba," alisema. "Kaveera moja refu sana limezikwa huko. Nimelivuta, likaja, likaja, kama mkia wa nyoka. Ni gumu. Halikatiki."

Hapa Kampala ukichimba popote unakuta kaveera, hii mifuko ya plastiki. Watu wanaitupa, mvua inaizika. Wachimbaji wanaivuta na kuitupa tena. Hakuna anayeitazama mara mbili. Basi nilichukua ile plastiki, nikafunga mafungu yangu ya majani ya muhogo. Iliyobaki nikaitundika kwenye mwimo wa mlango.

Haukupita muda, Aciro akaja kula.

Ngoja nikuambie Aciro ni nani. Anapanga chumba kinachotazamana na changu. Baba yake alikuwa polisi kutoka kaskazini, naye Aciro alikulia katika kambi ya polisi. Kiswahili chake ni cha kambi. Akikusalimia, unadhani unakamatwa. Sisi tunamtania kwa jina la Afande, ingawa hajawahi kuvaa sare ya polisi. Yeye ni fundi wa umeme. Kazi yake ni kuunganisha nyaya zinazopita chini ya ardhi.

"Mama Victoire, lete sombe, lete ugali, lete haraka," alisema. "Njaa imenipiga virungu."

"Kaa, Afande. Hapa hakuna kesi bila chakula."

Alicheka akakaa. Nikampakulia. Alitia tonge la kwanza mdomoni. Kisha akaacha kutafuna. Alikuwa anatazama majani yangu ya muhogo.

"Hii umeitoa wapi?"

"Sokoni."

"Si majani. Hii nyekundu uliyofungia."

"Aa, hiyo ni kaveera. Guerschom ameivuta kwenye mtaro."

Aciro alisimama. Alichukua kikombe cha maji, akamwagia ile plastiki, akasugua kwa kidole gumba. Udongo ukatoka. Chini yake kulikuwa na maandishi meusi, na alama ya radi.

"Mtaro uko wapi?"

"Kando ya hosteli. Kwani kuna ni—"

Alikuwa ameshaichomoa ile plastiki na kuondoka nayo. Na viatu vyake vile vizito, dada huyu alikimbia! Sikujua kinachoendelea, lakini nilimwona uso. Nikaacha chungu motoni, nikamfuata.

Tulipotokea kwenye kona, Mugisho alikuwa ndani ya mtaro, kifua wazi, jasho linamtiririka. Alikuwa ameinua mtaimbo juu ya kichwa kwa mikono miwili.

"SIMAMA!" Aciro alipiga kelele. "Mugisho! Usishushe! Weka pembeni!"

Mtaa mzima ulisimama. Hata mwanamume aliyekuwa anapita na baiskeli alishuka. Mugisho alibaki na mtaimbo hewani. Kisha akaushusha taratibu, pembeni, juu ya nyasi.

"Afande, unataka kuniua kwa mshtuko?" alisema kwa hasira.

"Mimi? Wewe ndiye unataka kujiua. Toka ndani. Guerschom, toka. Wote mrudi nyuma. Mtu asiguse kitu."

Walitoka, Mugisho akinung'unika. Aciro aliinua ile plastiki juu ili kila mtu aione.

"Hii si kaveera," alisema. "Huu ni utepe wa onyo. Anayezika waya wa umeme anafukia kwanza, kisha anatandaza utepe huu juu yake, kisha anafukia tena. Kwa nini? Ili wewe unayekuja na sururu yako ukutane na utepe kwanza. Utepe unakuambia: baba, acha, chini yangu kuna kifo."

Guerschom alitazama mikono yake.

"Umeme?" Mugisho aliuliza. "Umeme uko kule juu, kwenye nguzo. Tazama nyaya zile. Mimi nimechimba Kampala nzima, umeme ninauona juu."

"Huo wa juu ni wa kwako na wa kwangu. Hosteli hii ya ghorofa inapata wapi umeme wake? Unaona waya wowote unaoingia kwake kutoka kwenye nguzo?"

Mugisho alitazama. Sote tulitazama. Hakukuwa na waya.

"Unapita chini," Aciro alisema. "Tena ni umeme mkubwa. Ukiutoboa kwa chuma, unalipuka. Moto unatoka na kukuchoma uso na mikono, kabla hujajua ni nini. Nimewahi kuitwa mahali kama hapa. Mchimbaji alikuwa kijana. Sitawaambia nilichokiona, maana mama huyu anapika."

Kisha aliinama, akaonyesha ukingo wa mtaro kwa mkono, bila kugusa.

"Na tazameni udongo wenyewe. Kule katikati ni mwekundu na mgumu. Huku ni laini, una mchanga. Mchanga ulifikaje hapa Kansanga? Ulipanda kilima wenyewe?"

Alinyanyuka, akatutazama.

"Uliletwa na watu," alisema. "Ardhi ambayo haijaguswa ni ngumu. Ikiwa laini, mtu ametangulia kuchimba. Na mtu hachimbi akafukia bure. Ameweka kitu. Baba Victoire, ulichagua udongo laini. Ndiyo maana uko juu ya waya."

Jamani, nami nilikuwa nimepiga makofi!

Nelima alikuja akihema. "Kuna nini? Mbona mmesimama? Jumatatu watu wa maji wanakuja!"

Tukamweleza. Alishika kichwa. Wapangaji wakaanza kusema wote kwa pamoja. Wengine walitaka kazi iendelee. Pélagie, jirani yangu anayesuka nywele, alisema hawezi kuteremka tena bondeni na mgongo wake ule. Mugisho aliwasikia. Mume wangu ana udhaifu mmoja: hapendi kuonekana ameshindwa mbele ya watu.

"Nitachimba polepole," alisema. "Nitaupita huo waya pembeni."

"Utaupitaje pembeni, na hujui uko wapi?" Aciro aliuliza.

"Nitausikia kwa mkono. Mimi ni mzoefu. Na zaidi ya hapo, ajali haina kinga."

Hapo ndipo nilipochemka. Ajali haina kinga! Mtu ameambiwa, ameonyeshwa, utepe umeinuliwa mbele ya macho yake, halafu analeta methali! Nilitembea mpaka kwenye mtaimbo wake pale nyasini. Nikaukalia.

"Mama Victoire, inuka," Mugisho alisema.

"Siinuki."

"Watu wanatazama."

"Watazame. Ukitaka mtaimbo huu, niinue mimi kwanza. Na wewe unajua mimi si mwepesi."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia: "Mugisho, nilitembea na wewe kutoka kwetu. Tulivuka mpaka na mtoto mgongoni. Risasi hazikukupata. Sasa uje ufe Kansanga, ndani ya mtaro, kwa sababu Pélagie anaumwa mgongo? Maji nayataka. Nayataka kuliko wote hapa. Lakini maji bila mume sitaki. Nitachota bondeni mpaka nizeeke."

Alichuchumaa karibu yangu. Akasema kwa sauti ndogo, wengine wasisikie: "Mbambu, nifanye nini? Nikiita watu wa ofisi, watauliza sisi ni nani. Watasema wakimbizi wanavunja vitu vya serikali. Watanifunga."

Kumbe! Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Sisi tulikimbia vita. Tumezoea kupita mbali na ofisi. Ofisi kwetu ni mahali pa kuulizwa karatasi. Ndiyo maana mume wangu, mitaro yote ile aliyochimba, hakuwahi kumuuliza mtu yeyote nini kiko chini.

Nikasema kwa sauti, makusudi: "Afande, mume wangu anaogopa kufungwa."

"Mbambu!" alinong'ona.

Lakini Aciro hakumcheka. Alikuja akakaa chini nasi, kwenye nyasi.

"Shemeji, sikiliza. Anayeuliza kabla ya kuchimba hafungwi. Anayekata waya na kukimbia, huyo ndiye anayetafutwa. Ofisi yetu ina watu ambao kazi yao ni hiyo tu, kuja kuonyesha waya uko wapi. Wanapenda kuitwa mapema. Hawapendi kuitwa pamoja na gari la wagonjwa. Hata mimi nikichimba, nauliza kwanza. Na mimi ndiye ninayezika!"

Mugisho akasimama, akajipangusa magoti.

"Haya," alisema. "Piga simu."

Aciro alipiga simu ofisini kwao. Halafu akamgeukia Nelima. "Na wewe mama, waambie watu wa maji wangoje. Wakati huo huo waulize mabomba yao ya zamani yako wapi. Na mwenyekiti wa mtaa aulizwe kama kampuni za simu zimepitisha nyaya zao hapa. Si umeme peke yake unaolala chini. Ukikata bomba kubwa, mtaa mzima unakosa maji. Ukikata waya wa simu, hata msaada huwezi kuuita."

Tulizungushia mtaro kamba na matawi ili watoto wasiingie. Aciro alimwachia Guerschom kazi ya kulinda.

"Na kama tungekuwa tumeshautoboa?" Guerschom aliuliza. "Tungefanya nini?"

"Mnatoka na kukaa mbali, wote. Hamrudi kuchukua chombo hata kama ni cha dhahabu. Hammwagi maji. Hamfukii ili kuficha. Mnapiga simu umeme uzimwe. Na kama mtu amenaswa, usimshike, hata kama ni ndugu yako. Ukimshika, mtakuwa wawili. Kwanza umeme uzimwe."

Guerschom alimtazama kaka yake. Hakusema utani wowote, naye ni mtu wa utani toka asubuhi hadi jioni.

Jumatatu ikafika, ikapita. Watu wa maji walikwenda kwa wengine, kama Nelima alivyosema. Tuliendelea kuteremka bondeni. Nilichemsha kila tone. Pélagie alikuwa akinipita na dumu lake na kusema, "Asante kwa maji, Mama Victoire." Unajua asante ile inayouma? Ndiyo hiyo. Nami nilimjibu, "Karibu, mama. Mume wako mzima? Wangu pia ni mzima."

Kisha Okidi akaja. Yeye anafanya kazi na Aciro. Alibeba kifaa chenye mpini mrefu. Alitembea nacho taratibu, akikipitisha karibu na ardhi kama mtu anayefyeka nyasi. Kifaa kililia. Alipotoka pembeni kikanyamaza. Aliporudi kikalia. Kila kilipolia alipiga rangi nyekundu chini. Mtu wa maji naye alikuja, akaonyesha bomba lao la zamani, akapiga rangi ya buluu.

Mugisho alimfuata Okidi hatua kwa hatua. Mwanzoni alikuwa nyuma. Baadaye wakawa wanatembea bega kwa bega.

"Ngoja," Mugisho alisema. "Hapa rangi imepinda. Mbona waya haukwenda moja kwa moja?"

"Waliouzika labda walikuta jiwe, au msingi, wakauzungusha," Okidi alijibu. "Waya haujui rula, ndugu yangu."

"Na kina chake? Nikichimba hadi gotini tu, niko salama?"

"Usitegemee kina. Hapa ni kwenye mteremko. Waliuzika chini sana, lakini mvua zimekula udongo wa juu. Kila mwaka waya unakaribia jua. Kifaa changu kinaniambia uko wapi. Kuhusu kina, kinakisia tu. Kazi ya mwisho ni ya mkono."

Walikubaliana njia mpya. Ilipita katikati, kwenye ile ardhi ngumu nyekundu. Guerschom aliguna. Mugisho akamwambia, "Ardhi ngumu haijaficha kitu. Chimba." Wakachimba. Mikono ilitoka malengelenge. Pale mbali na rangi walitumia sururu na mtaimbo kama kawaida. Wimbo wao nilikuwa nausikia mpaka jikoni.

Lakini kulikuwa na mahali pamoja ambapo lazima mtaro wetu ukate rangi nyekundu. Palikuwa pale pale kwenye shimo la Jumamosi ile. Aciro na Okidi walikuja wenyewe kusimamia. Okidi alikuwa amepanga umeme wa waya ule uzimwe kwa muda.

"Umezimwa," alisema. "Lakini nyinyi fanyeni kazi kama uko hai. Siku zote. Mtu anaweza kukosea akauwasha. Mtaimbo na sururu viwekwe mbali. Hapa ni chepe tu, na la pembe za duara, si la ncha kali. Usilikanyage kwa nguvu. Kwangua udongo kidogo kidogo, kutoka pembeni, si kutoka juu."

Mugisho alipiga magoti ndani ya mtaro. Sijawahi kumwona akichimba vile. Alikwangua kama mtu anayetoa ukoko kwenye sufuria asiyotaka kuitoboa. Mchanga ulitoka. Ukatoka tena. Sote tuliinama ukingoni kutazama, mimi, Nelima, Pélagie, wote.

Kisha ukaonekana. Mweusi, mnene kama mkono wa mtu mzima, umelala mchangani.

"Basi," Okidi alisema. "Usiuguse."

Mugisho hakuugusa. Hakuwa anautazama waya tena. Alikuwa anatazama ukuta wa mtaro, juu yake kidogo. Pale palikuwa na tundu la mviringo, limeingia kutoka juu kwenda chini, limenyooka vizuri. Mchanga wenye unyevu ulikuwa umelihifadhi. Kila mchimbaji analijua tundu la mtaimbo wake.

"Hili ni langu," alisema. "La Jumamosi."

Tundu liliishia juu kidogo ya waya. Mugisho aliinua vidole viwili, akavilinganisha na nafasi ile kwa macho, kwa mbali. Ilikuwa nafasi ya vidole viwili. Na pigo lililokuwa linafuata, ndilo lile ambalo Aciro alilizuia hewani.

Alitoka mtaroni. Alikaa chini. Mume wangu halii hovyo. Siku ile alilia mbele ya watu wote, wala hakujificha. Nami nilimpiga begani. Nikampiga tena. "Vidole viwili!" nilisema. "Vidole viwili, Mugisho!" Halafu nikamshika, nikashindwa kumwachia.

Pélagie alikuja akasimama mbele yangu. "Mama Victoire," alisema, "mgongo wangu unaweza kungoja." Tangu siku hiyo hatuna neno.

Bomba letu lilipitishwa chini ya waya, mbali nao kama Okidi alivyopima. Waya ulizungushiwa mchanga laini tena. Aciro alileta utepe mpya. Mugisho mwenyewe aliutandaza, akaunyoosha kwa viganja, ndipo akafukia. "Ni wa yule atakayekuja baada yetu," alisema.

Watu wa maji walirudi. Nelima alifungua bomba kwa mara ya kwanza, likakohoa, likatema udongo, kisha maji yakaja. Wanawake walipiga vigelegele mpaka wanafunzi wa hosteli wakatoka madirishani. Ya kunywa bado nachemsha, mimi si mjinga. Lakini bondeni hatuteremki tena, na Victoire amenenepa.

Mugisho hufanya kazi kwa namna nyingine sasa. Akiitwa mahali, haanzi mtaro papo hapo. Anazunguka kwanza. Anatazama nyumba ipi haina waya wa juu. Anatafuta mahali ambapo ardhi imebadilika. Anaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, anaenda kwenye ofisi ya umeme na ya maji, na huko wanamjua kwa jina. Udongo ukilainika ghafla, anainua mkono, na Guerschom anaacha kuimba. Wajenzi kadhaa wameanza kumtafuta yeye kwa sababu hiyo hiyo.

Si wote. Juzi alikuja msimamizi mmoja wa ujenzi, anaitwa Saverio. Alikuwa na kazi upande wa Wandegeya, mtaro mrefu, tena wa haraka.

"Anzeni sasa hivi," alisema.

"Umeuliza chini kuna nini?" Mugisho akamwuliza.

"Chini kuna udongo. Wewe ni mchimbaji au mpelelezi?"

"Waite waje kupiga rangi, nami nitaanza siku hiyo hiyo."

"Kuna wachimbaji wengi Kampala."

"Wapo," Mugisho alisema. "Lakini mimi sichimbi nisipojua."

Saverio alipanda pikipiki yake akaenda kutafuta wengine. Ilikuwa kazi kubwa, na tuliihitaji. Guerschom alimtazama kaka yake, kisha akanitazama mimi. Alidhani nitapiga kelele.

Nilichukua sahani. Nilimpakulia mume wangu ugali, na sombe, na kipande cha samaki kilichokuwa cha mteja. Alinawa mikono yake yote miwili, akakaa, akala. Nami nilikaa karibu yake nikaitazama ile mikono mpaka alipomaliza.